Nyota ya Mama Mkwe

Kama usafi ungekuwa na shahada, yule bwana angekuwa nazo tatu, na zote angezitundika ukutani kwa kupima na rula. Kazini walimwita Bwana Usafi. Hakuchukia hata kidogo. Alidhani ni sifa, masikini wa Mungu, na wale waliomtungia jina hilo ili wamcheke wakaona wamejisumbua bure. Mezani kwake hakukuwa na karatasi iliyolala upande. Kikombe chake kilikuwa na mahali pake, kalamu na pake, na ukisogeza kimojawapo alikuwa anakuja nyuma yako kimya kimya kukirudisha, huku akikutabasamia kama daktari anayekuficha majibu. Mkewe, mfamasia, mtu wa kuhesabu vidonge kutwa bila kulalamika, aliwahi kumwambia kwamba ipo siku atamkuta uani anapanga mawingu kwa ukubwa.

Kazi yake ilikuwa kuangalia nyota. Si zile za kutabiri nani ataolewa lini, na ukimwuliza hivyo anakununia wiki nzima. Nyota kwa maana ya moto, gesi na hesabu. Na msimwonee huruma mkidhani alikesha nje na shuka mabegani. Darubini ilikuwa mlimani, huko mbali, inajiendesha yenyewe. Usiku inafanya kazi, asubuhi mambo yote yako kwenye kompyuta. Bwana Usafi alilala usingizi wake wote, akapiga mswaki juu na chini, akaja ofisini saa mbili kuuliza jana usiku mbinguni kulikuwaje.

Sasa nisikilizeni kidogo, maana bila hili hamtaelewa ugomvi. Mwanga wa nyota ukiupitisha kwenye chombo chao, unatawanyika kuwa rangi, kisha rangi zile zinachorwa kama grafu, mstari unaopanda na kushuka kutoka kushoto kwenda kulia. Nyota za kawaida, ukifika mahali fulani kwenye wekundu, grafu inashuka shimoni. Hapo ni haidrojeni imekula mwanga. Lakini kuna nyota nyingine, za buluu, zina joto la kutisha, zinajizungusha kwa kasi mpaka nusura zipasuke, na katika kujizungusha huko zinajirushia gesi nje hadi inakuwa mkanda kiunoni. Mkanda ule unang'aa. Basi pale palipotakiwa kuwa na shimo, grafu inasimama juu kama sindano. Mkanda ukitawanyika, sindano inapotea, nyota inanyamaza miaka na miaka. Halafu siku moja, bila kumwomba mtu ruhusa, inaanza upya.

Inaanzaje? Hapo ndipo watu wazima wenye miwani na wajukuu wanapogombana. Wengi wanasema pole pole, gesi inajikusanya mwezi hadi mwezi. Wachache wanasema ghafla, siku chache tu, kishindo kimoja na mkanda upo. Na katika wachache hao, aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Mama Mkwe wa Bwana Usafi.

Naam, Mama Mkwe. Profesa mstaafu, aliyewafundisha nusu ya watu wa jengo lile, mkwe wake akiwemo. Kwa zaidi ya miaka thelathini aliifuatilia nyota moja ya namna hiyo. Kwenye vitabu ilikuwa na namba ndefu kama ya simu. Yeye aliiita Mkaidi. Aliufuata mkanda wake wa zamani hadi ulipotawanyika, miaka kumi na sita iliyopita, na tangu hapo alikuwa anangoja. Mwanzo wa mkanda wa Mkaidi haukuwahi kuonwa na mtu. Mama aliapa kwamba ukionwa, utaonwa ghafla, na wale wa pole pole watatafuta pa kuficha nyuso. Kwenye mikutano walimpigia makofi ya adabu, kisha wakaenda kunywa chai.

Alipostaafu alimkabidhi mkwe wake vitu viwili, binti na nyota. Binti alimtoa kwa moyo mkunjufu. Nyota aliitoa kwa masharti.

Na kila walipoonana swali lilikuwa lile lile, hata kabla ya salamu kumalizika. “Mkaidi ameamka?”

“Bado, Mama. Kimya.”

“Haya. Na wewe huko kazini, umeamka?”

Basi Jumapili moja mtu na mkewe walikwenda kula chakula cha mchana kwa Mama. Bwana Usafi alikuwa na jambo la kusema. Mama aliwapokea mlangoni na kitambaa chake begani.

“Karibu, mkwe wangu. Kaa pale. Pana vumbi kidogo, utatuvumilia, sisi wengine ni watu wa chini.”

Kiti hakikuwa na vumbi. Hata hivyo akakifuta kwa leso, mkono wenyewe tu ulijiendea, na Mama akamwangalia mpaka alipomaliza kufuta na miguu ya kiti.

“Mama,” alisema baada ya kula, sauti imepakwa asali, “kesho kuna kikao cha kupunguza nyota.”

“Kupunguza nyota! Mungu ana habari?”

“Kwenye ratiba ya darubini, Mama. Muda hautoshi. Watu wanataka kuangalia vitu vipya.”

“Naelewa. Na Mkaidi?”

Bwana Usafi alimtazama mkewe. Mkewe akatazama dari, tena kwa makini, kama vile ameiona leo.

“Mkaidi yumo kwenye zile zinazopendekezwa kutolewa.”

“Nani kapendekeza?”

Bwana Usafi akakinyoosha kijiko kilicholala upande.

“Mimi, Mama.”

“Ahsante sana, baba. Umenitoa wasiwasi. Nilidhani ni mtu asiyenipenda.”

Sasa ungekuwa wewe ungeomba maji ukanyamaza. Yeye hapana. Alikuwa amekuja na ushahidi, grafu kumi na mbili ndani ya jalada la plastiki, zimepangwa kwa mpangilio, kila moja ina kona zake nne zilizonyooka. Akazitandaza mezani. Mama akavaa miwani, kisha juu ya ile akavaa nyingine, maana macho yake siku hizi yalihitaji jeshi zima. Akaziangalia moja baada ya nyingine. Shimo, shimo, shimo. Hakuna sindano hata ya dawa.

“Nzuri,” alisema. “Zinafanana.”

“Ndiyo, Mama. Nyota imetulia kabisa.”

“Hapana, hujanielewa. Zinafanana kama mapacha. Mimi nimeiangalia hii nyota tangu mkeo hajazaliwa, na haijawahi kunipa grafu mbili zinazofanana. Mkaidi hata akilala anagaragara. Wewe unamfanya nini?”

“Namsafisha tu.”

“Kwa lile fagio lako.”

“Ndiyo. Kwa Fagio.”

Fagio ilikuwa programu yake, mtoto wake wa kwanza, mkewe alisema, na kipenzi. Kamera ya kule mlimani inapigwa na chembe kutoka angani, na kila chembe inaacha kitone cheupe ambacho kwenye grafu kinatokea kama mwiba. Kila mtu wa kazi ile anaiondoa miiba hiyo. Wengine huiondoa michache na kuvumilia iliyobaki. Bwana Usafi kuvumilia hakujui. Aliitengeneza Fagio ikariri umbo la kila nyota jinsi ilivyokuwa siku zote, na chochote kitakachochomoza nje ya umbo hilo kikatwe, na pengo lizibwe kwa umbo lile lile la siku zote. Grafu zikatoka laini kama shuka za hoteli. Wakubwa wakapiga makofi. Akapewa cheti, na bila shaka mmeshajua alikitundika kwa kupima na nini.

“Niletee moja ambayo haijapita kwenye hilo fagio,” alisema Mama.

“Mama, hizo zimejaa takataka.”

“Takataka hazinitishi, baba. Mimi ndiye niliyesahihisha tasnifu yako.”

Binti yake alicheka mpaka akapaliwa. Bwana Usafi alitabasamu kwa meno tu. Ndani ya gari, wakirudi, alinguruma njia nzima. Kwamba heshima ni heshima lakini sayansi ni sayansi. Kwamba wastaafu wapumzike. Kwamba atamletea hiyo chafu, tena kubwa, aione mwenyewe, na mazungumzo ya Mkaidi yafe na kuzikwa.

“Mletee basi,” alisema mkewe. “Unaniambia mimi wa nini, nauza panadoli.”

Jumatatu akafika ofisini mapema. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba cha chini, kati ya maktaba na stoo ya viti vibovu, lakini sakafuni pake ungeweza kula chakula. Kikao kilikuwa saa nne. Alikaa, akainyoosha kalamu iliyokuwa tayari imenyooka, akafungua faili chafu la jana usiku.

Takataka tele, kama alivyosema. Miiba huku, miiba kule. Na pale kwenye shimo la haidrojeni, katikati kabisa, sindano. Ndefu, nyembamba, imesimama dede.

“Chembe hiyo,” akajisemea. “Imeanguka pabaya tu.”

Akafungua la juzi. Sindano, pale pale.

“Mbili,” akasema, safari hii kwa sauti.

Akafungua la siku iliyotangulia. Sindano. Akafungua jingine, na jingine. Chembe za angani, ndugu zangu, zinaanguka ovyo, huku na kule, kama matone ya mvua kwenye bati. Hazipangi foleni. Hazirudi kila usiku kwenye kiti kile kile kama wazee wa baa. Kijasho chembamba kikaanza kumtoka kwenye kola, na kola ilikuwa imepigwa pasi.

Ili kujiridhisha, au labda ili kujitesa, akachukua faili moja chafu akaliingiza kwenye Fagio huku anaangalia. Fagio ikafanya kazi yake kama ilivyofundishwa. Ikaiona sindano, ikaikumbuka nyota ilivyokuwa zamani, ikasema hapana, huyu hayuko hivi, ikakata, ikaziba kwa shimo la siku zote. Pale chini ya kioo likatokea neno ambalo yeye mwenyewe alilichagua kwa mapenzi makubwa. SAFI.

Mkaidi alikuwa macho. Alikuwa anapiga kelele kwa nguvu zake zote, na kila asubuhi kijana wa watu alikuwa anamziba mdomo kwa kitambaa kisafi.

Nisiseme uongo, kwanza alifurahi. Damu ilimwenda mbio, akasimama, akakaa, akasimama. Mkanda umerudi! Miaka kumi na sita! Kisha furaha ikajikwaa kwenye swali moja dogo. Umerudi lini?

Sindano za wiki nzima zilikuwa na urefu ule ule. Hazikui. Mkanda unaozaliwa hukua, kila mtu anajua. Huu haukuwa mchanga, hili lilikuwa jitu zima lenye ndevu. Basi ulizaliwa kabla. Mwezi uliopita? Akafungua kabati la faili chafu za mwezi uliopita. Tupu. La mwezi wa kabla yake. Tupu. Na hakuhitaji kujiuliza nani kazifuta, kwa sababu kanuni ilikuwa ukutani mbele ya pua yake, ndani ya fremu: faili chafu zisikae zaidi ya wiki moja. Aliiandika yeye, miaka miwili iliyopita, siku Fagio ilipoanza kazi. Diski zilikuwa zinajaa, na yeye faili chafu zilimpa mwasho. Kila Jumatatu zilifutwa zenyewe. Zilizobaki za miaka miwili yote ni zile zilizofagiliwa, laini, pacha, zisizojua lolote.

Wapo wengine duniani wanaoangalia nyota hizi, si ndiyo? Hata waliostaafu wenye darubini kwenye paa za nyumba zao. Wapo. Naye aliwaandikia wote, miaka ile ile miwili iliyopita, barua fupi na ya kiungwana. Mkaidi amelala, msipoteze muda wenu, hapa kwetu tunatosha. Wakamshukuru sana. Wakaacha.

Alikaa chini, akaangalia mikono yake. Ilikuwa misafi mno.

“Nini hicho?”

Mkurugenzi alikuwa mlangoni. Mtu huyu alipenda vitu viwili, kiyoyozi na waandishi wa habari, na pua yake ilikuwa inanusa habari hata kupitia ukuta wa maktaba. Akaja mpaka kwenye kioo.

“Mkaidi,” alisema Bwana Usafi. “Ameamka.”

“Si huyu tunayemfuta saa nne? Kwenye ripoti yako ya wiki iliyopita amelala.”

“Ndiyo, lakini hapo Mkurugenzi kuna...”

“Wiki iliyopita amelala, wiki hii yuko hivi? Kwa hiyo ni ghafla!” Mkurugenzi akapiga kofi mezani, kikombe kikaruka mahali pake. “Ghafla ile ya mama mkwe wako! Yule mama alikuwa sahihi! Unajua hii ni habari ya ukurasa wa mbele?”

Kikao kilikwisha kabla kiyoyozi hakijapoza chumba. Mkaidi hakutolewa, akawekwa wa kwanza kwenye ratiba. Wale waliokuwa wameridhia atolewe walieleza, mmoja baada ya mwingine, jinsi walivyopinga tangu mwanzo ila hawakupata nafasi ya kusema. Bwana Usafi alifungua mdomo mara mbili, na mara zote mbili alipongezwa. Mara ya tatu akaufunga.

“Tangazo linatoka jioni,” Mkurugenzi alimwambia kwenye korido, mkono begani. “Jina lako na la Profesa. Nahitaji sentensi moja tu kutoka kwako. Kwamba mwezi uliopita mkanda haukuwepo. Moja tu. Nipigie kabla ya saa kumi.”

Sentensi moja. Alitembea nayo mpaka kwenye gari, akaendesha nayo. Na hebu mwacheni kidogo, msimrukie, maana shetani hakumjia na mapembe. Alimjia na sura ya upendo. Nani angejua? Faili chafu hazipo. Safi zipo, nazo zote zinaapa kwamba nyota ilikuwa kimya. Mama angeshinda. Wale wa pole pole wangemwandikia barua za kuomba radhi. Bibi wa miaka sabini na nne angelala na ushindi wake. Ni zawadi tu, alijiambia, zawadi ya mkwe. Na kama jina lake mwenyewe lingetokea gazetini kwa bahati mbaya, basi, angelivumilia.

Alimkuta Mama sebuleni anasikiliza redio. Akaizima alipomwona.

“Mkwe wangu siku ya kazi? Kuna msiba, au wamekufukuza?”

Aliweka karatasi mezani, ile chafu, na miiba yake yote, imechapwa vibaya, imepinda kona moja. Mama akavaa miwani, akavaa nyingine. Akainama.

Kidole chake kilitembea juu ya grafu kutoka kushoto, taratibu, kikapita mwiba, kikapita mwiba mwingine bila kujali, kikafika kwenye wekundu. Kikasimama. Kikapanda na sindano mpaka juu, kikashuka, kikapanda tena.

“Ameamka,” alisema.

Machozi yalimtoka yakapita chini ya miwani zote mbili. Akamshika mkwe wake mkono, akaubana kwa mikono yake miwili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, hata siku ya harusi alimpa vidole tu. “Ameamka, mwanangu! Ameamka nikiwa hai!” Akacheka kama msichana. Bwana Usafi naye akalia, hakujua ni kwa furaha au kwa hofu, na hakuitafuta leso.

Lakini huyu alikuwa profesa kabla hajawa mama mkwe. Alijifuta, akarudi kwenye karatasi.

“Na usiku wa kabla ya huu?”

“Upo, Mama.”

“Na wa kabla yake?”

“Wiki nzima upo.”

“Unakua?”

“Hapana. Urefu ule ule.”

Kidole kikatulia. “Basi mkanda haukuanza wiki hii. Umeanza nyuma. Fagio lako lilikuwa linaukata.”

“Ndiyo, Mama.”

“Ndiyo maana nilitaka chafu. Haya, hasira nitakuja kuzipanga baadaye, nina za kutosha.” Macho yalikuwa yanang'aa. “Sasa nipe chafu za mwezi uliopita. Na za mwezi wa kabla. Tunarudi nyuma usiku kwa usiku mpaka tuupate ule wa kwanza. Ukiniambia kuna usiku mkanda haupo na keshokutwa yake upo, nimewashinda wote. Unasikia? Wote! Hata yule aliyelala kwenye mhadhara wangu.”

Hapo ilikuwepo ile sentensi, mdomoni, tayari imepangwa, safi. Ilitakiwa tu aitoe. Mwezi uliopita haukuwepo, Mama. Alimwangalia usoni. Mama alikuwa anangoja jibu kama mtu anayemwamini anayemuuliza. Miaka yote ile ya kumchoma na maneno, kumbe alimwamini.

“Hazipo,” alisema.

“Hazipo wapi?”

“Nilizifuta, Mama. Kila wiki zinafutwa. Kanuni ni yangu.”

“Zote?”

“Za miaka miwili. Zimebaki zilizofagiliwa tu, na zile hazina kitu.”

“Wenzetu wa nje wanazo.”

“Niliwaandikia waache. Niliwaambia amelala.”

Mama alivua miwani ya juu. Kisha ya chini. Akazikunja zote, akaziweka mezani, na mezani hapo zilikaa upande upande, naye hakuzinyoosha.

“Basi hatujui,” alisema.

“Hatujui, Mama.”

“Ghafla au pole pole.”

“Hatuwezi kujua.”

Bwana Usafi alitoa simu pale pale, mbele yake, akampigia Mkurugenzi. Akamwambia aliondoe neno ghafla. Mkurugenzi akauliza aweke neno gani. Akamwambia aweke hatujui, na aeleze kwamba data zilifutwa, na nani alizifuta. Sauti ilisikika hadi kwenye kochi. “Hatujui? Wewe umeona gazeti gani duniani limeandika hatujui? Basi tangazo la nini?” Simu ikakatwa. Tangazo likaishia hapo, na ukurasa wa mbele, nadhani, walimpa mtu mwingine.

Mama alikuwa anaangalia dirishani.

“Ule mkanda wa kwanza niliukuta umeshaanza,” alisema, kwa sauti ya mtu anayekuelekeza njia. “Niliufuata zaidi ya miaka ishirini ndipo ukatawanyika. Kisha kimya hiki. Huu nao utakaa hivyo hivyo. Mwanzo mwingine utakuja, hauna haraka. Mimi nitakuwa sipo.”

“Mama, nisamehe.”

“Nimekusikia.”

“Nitukane basi, Mama. Sema chochote.”

“Sina la kusema, baba. Rudi kazini, wasikungoje.”

Alisimama. Aliaga, akaitikiwa kwa adabu. Kila alipoondoka nyumba ile, tangu siku ya kwanza ya posa, Mama Mkwe alikuwa anamwacha afike getini ndipo amrushie la mwisho, lile kali kuliko yote, asiloweza kulijibu kwa sababu yuko njiani. Kuhusu viatu vyake, kuhusu leso yake, kuhusu tasnifu yake. Alilichukia neno la getini kuliko kitu chochote duniani. Leo alitembea uani hatua fupi fupi. Alifungua geti pole pole. Alisimama, akajifanya anatafuta ufunguo wa gari uliokuwa mkononi. Aliangalia dirisha, na Mama alikuwepo pale, amekaa, hamtazami. Akafunga geti pole pole, akabaki amelishika. Hakuitwa.